Alama si Mizani ya Moyo

Dodoso la PHQ-9 la dalili za sonona huuliza maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ya 10 na zaidi huashiria kwamba huenda kuna sonona. Je, alama 14 hupima huzuni kama kilo zinavyopima sukari? Hasha. Wawili wanaweza kupata 14, mmoja akiwa na uchovu na kukosa usingizi miongoni mwa dalili zake, mwingine akiwa na mawazo ya kifo miongoni mwa zake. Namba hiyo ni ushuhuda, si uzito.

Kuna atakayesema: ushuhuda hukosea, basi tuutupe. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu hayana shahidi mwingine wa ndani ila anayeyahisi. Alama isihukumu, ifungue mazungumzo. Anayeipokea na aulize: umeipataje?