Kurudi Salama Si Ushahidi

Katika milima ya Alps, majira ya kuchipua yakianza, usalama wa msafiri hupimwa kwa saa. Usiku usio na mawingu, theluji hutoa joto lake angani, na uso wake huganda ukawa gamba gumu. Alfajiri mtu hupita juu yake kwa skii bila kuzama. Jua likipanda, gamba hulegea, maji hupenya hadi tabaka dhaifu lililo chini, na kilichoshikana huachana. Miteremko inayotazama mashariki huanza kuharibika, kisha ya kusini, kisha ya magharibi. Usiku wa mawingu huvuruga hesabu yote, maana joto hunaswa na gamba halijengeki. Hatari kubwa iko kwenye miteremko yenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45. Hakuna siri hapa: taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos, Uswisi, hutangaza hatari kwa ngazi 5, na wenyeji wa milima hiyo wanajua kwamba safari ya majira haya huanza gizani na kumalizika mapema. Sasa mtu amechelewa, amevuka mteremko wa namna hiyo saa sita mchana, theluji imelowa chapachapa, naye amefika ng'ambo mzima. Je, aliamua vyema?

Nasema hakuamua vyema, na kufika kwake hakubadilishi neno. Mteremko mbovu hauporomoki kila unapokanyagwa. Udhaifu wake haukuenea sawasawa, hivyo unaweza kuwabeba watu kumi na kuvunjika chini ya wa kumi na mmoja aliyekanyaga hatua chache pembeni. Kuvuka salama basi hakutofautishi busara na bahati. Uamuzi lazima upimwe kwa yale yaliyoweza kujulikana kabla ya hatua ya kwanza. Ian McCammon, mtafiti wa Marekani aliyechambua ajali zaidi ya 700 za maporomoko ya theluji, alionyesha kwamba hata makundi yenye mafunzo yalijiingiza kwenye hatari zilizokuwa wazi, hasa mahali walipopazoea. Mazoea hayo yalitoka wapi, kama si katika safari nyingi zilizoisha salama na kuhesabiwa kuwa uthibitisho?

Watapinga wanaosema kwamba duniani tunahukumiwa kwa matokeo. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliliweka jambo hili mezani mwaka 1976. Tuseme madereva wawili wanalipita lori kwenye kona bila kuona mbele, mmoja anagonga mtoto, mwingine anakuta barabara tupu, na sisi tunamlaani wa kwanza tu. Nakubali kwamba wa kwanza ana deni ambalo mwenzake hana: ana wafiwa wa kuwakabili, ana jeneza la kusindikiza. Lakini deni hilo limetokana na kilichotokea. Kosa la kuamua walilifanya wote wawili, na kumsamehe wa pili kwa sababu barabara ilikuwa tupu ni kumfundisha arudie.

Pingamizi la uzoefu ni zito zaidi. Bila kujifunza kwa kutenda, tutajifunzaje? Uzoefu ni mwalimu pale unapotoa jibu haraka na la kweli. Mlimani jibu huwa kimya miaka mingi, na linapokuja huenda likawa la mwisho: aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kuishi akifukuliwa ndani ya dakika kama 10 za mwanzo, kisha nafasi hiyo hushuka kwa kasi, hata akiwa na kifaa cha redio na wenzake wana makoleo. Ndiyo maana saa ya kugeuka hupangwa usiku uliotangulia, kabla kilele hakijaonekana na tamaa haijaamka.

Wapo watakaosema siku yake ilikuwa haijafika. Sibishani na kadari, ila imani haikuwahi kuifanya kadari kibali cha uzembe. Waislamu wamefundishwa kumfunga ngamia kwanza ndipo watawakali. Katika Injili, Yesu alikataa kujirusha kutoka kinara cha hekalu ingawa aliahidiwa malaika. Tena anayemshukuru Mungu kwa dhati kwa kuvuka amekiri, kwa shukrani hiyohiyo, kwamba hakuokolewa na uamuzi wake. Hawezi kushukuru na kujisifu kwa pumzi moja. Shukrani hiyo inamdai kitu: nyayo zake zimebaki pale mteremkoni, na kesho kundi jingine litaziona na kusema njia inapitika. Jioni, kwenye kibanda cha wapanda milima, awaambie walio mezani alivuka saa ngapi, theluji ilikuwaje, na kwamba hakupaswa kuwa pale.