Maandiko ya Jirani Zetu
Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9



Hapa Karatu watu wa mataifa mengi hupita kwenda Kreta ya Ngorongoro. Wengine hutoka India, wengine Israeli. Vijana wetu huwaendesha, huwapikia na kuwatandikia vitanda, kisha huulizana: hivi hawa nao wana Biblia yao? Swali ni jema, na yafaa lijibiwe kwa kweli. Amri yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Na kuisingizia dini yake ni uongo vilevile.

Kwanza, si kila Mhindi ni Mhindu. Wako Wahindi Waislamu, Masingasinga, na Wakristo wenzetu. Wahindu, ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani, wana maandiko mengi, na ya kale zaidi ni Veda nne. Mojawapo, Rigveda, ina nyimbo 1,028. Kwa karne nyingi zilihifadhiwa vinywani tu: mwanafunzi alizipokea kwa mwalimu wake, akakariri maneno mbele na nyuma ili lisipotee hata moja. Maandiko hayo huitwa "shruti", maana yake, yaliyosikiwa.

Wayahudi wana Torati, vitabu 5 vya Musa, pamoja na Manabii na Maandiko mengine. Nayo yote ndiyo Agano letu la Kale. Mwandishi huinakili Torati kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805. Ikikosekana moja, gombo halisomwi mpaka lisahihishwe. Na somo letu la leo, ambalo Myahudi mshika dini hulisema asubuhi na jioni, laanza kwa amri ya kusikia.

Basi, hawa wote wamelinda neno kwa sikio na kinywa. Ninyi Wairaqw mwalijua jambo hili, maana slufay ya wazee haikutoka kitabuni.

Lakini wanaachana hapa. Wahindu wengi hufundisha kwamba Veda hazina mtunzi, ni za milele. Torati ni agano: Mungu aliwatoa watumwa Misri, akasema nao Sinai, akawaagiza wamtendee haki mgeni na yatima. Sisi tumeshika agano hilo, nasi twakiri kwamba katika Yesu Neno mwenyewe alitwaa mwili wetu. Hatusemi njia zote ni moja. Wala hatumdharau anayelinda alichopokea.

Mwaka 1919, karibu na Mbale, Uganda, Semei Kakungulu, aliyekuwa Mprotestanti, aliamua kuishika Torati kama Myahudi. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao miaka ya 1970, wafuasi wake, Abayudaya, walisali kwa siri. Wapo hata leo, kwa sababu wazazi waliwafundisha watoto.

Je, sisi ambao hatukatazwi na mtu? Katika nyumba ngapi Biblia imefungwa kitambaa safi, hutoka kabatini Jumapili tu? Wapo waliopata Kipaimara wasioweza kusema Zaburi moja kwa ghibu. Mgeni akimwuliza dereva wetu habari za imani yake, pale langoni Lodoare, atajibiwa nini?

Mwezi huu kila nyumba ikariri mistari sita ya somo hili, wazazi na watoto pamoja, kabla ya kulala. Asiyejua kusoma na asikilize. Ndivyo neno lilivyotufikia.

Mungu atujalie masikio ya kusikia. Amina.