Deraya ya Karatasi ni ya Nani?

Mtu akitengeneza kitu kwa kufuata kigezo kilichochorwa na mwingine, je, kitu hicho ni kazi yake? Swali hili halikutujia kitabuni, lilitujia jukwaani.

Wanafunzi wetu walikuwa wakijitayarisha kuigiza Juliasi Kaizari, na fedha za maleba hazikuwapo. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akajitolea kuwavika askari wa Kirumi deraya na chapeo za karatasi. Usiku wa maonyesho, watazamaji walidhani wanaona chuma. Mgeni rasmi akamwita kijana mbele, akamsifu kuwa mbunifu asiye na mfano. Kijana akainamisha kichwa, akanyamaza. Kesho yake wenzake wakaja kushitaki: "Mwalimu, huyu hakubuni kitu. Vigezo amevitoa kwenye intaneti. Yeye amekunja tu."

Kabla ya kuhukumu, hatuna budi kuutazama huo mkunjo. Ufundi huu hujulikana kwa jina la Kijapani, pepakura. Programu ya kompyuta hulichukua umbo zima, mathalani chapeo, ikalifumua likawa vipande bapa, kama mtu afunguavyo boksi tupu. Vipande huchapishwa kwenye karatasi ngumu. Mstari mzima ni wa kukata. Mistari iliyokatika ni ya kukunja, mmoja kwa nje, mwingine kwa ndani. Nazo nambari za pembeni huonyesha ukingo upi wabandikwa na upi. Wazo lenyewe ni kongwe: Mjerumani Albrecht Dürer, katika kitabu chake cha vipimo cha mwaka 1525, alichora maumbo yaliyofumuliwa namna hiyo hiyo.

Lakini kigezo hakijikunji chenyewe. Kijana wetu alipima kwanza kichwa cha kila mwigizaji, maana chapeo ikichapishwa bila kipimo huweza kumfaa mtoto mchanga tu. Kila mstari wa kukunja aliupitishia kalamu iliyokwisha wino, ili karatasi isipinde ovyo. Alibandika ukingo kwa ukingo, akingoja gundi ikauke, kwani kosa dogo la mwanzo huwa ufa mkubwa mwishoni. Ndani alitandaza magazeti yaliyolowa gundi ili kuipa nguvu. Nje alipaka rangi nyeusi, kisha ya fedha. Usione vyaelea, vimeundwa. Neno "tu" katika mashitaka yale halikuwa la haki.

Hata hivyo, wenzake hawakukosea kabisa. Wahenga walisema pia kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Sisi twaielewa hivi: kuazima si aibu, aibu ni kujivika ya kuazima na kuipokelea sifa kana kwamba umeishona. Kosa la kijana halikuwa katika kukunja. Lilikuwa katika kunyamaza.

Tamthilia yenyewe aliyowavisha wenzake yatufundisha jambo hilo. Plutarch aliandika maisha ya Kaizari kwa Kiyunani. Jacques Amyot akayafasiri kwa Kifaransa mwaka 1559. Thomas North akakifuata Kifaransa hicho, akatoa Kiingereza mwaka 1579. Shakespeare akakisoma kitabu cha North, akaunda tamthilia. Mwaka 1963 Julius Nyerere akaitoa tamthilia hiyo kwa Kiswahili. Kila mmoja alikunja kwa kigezo cha mwenziwe, na hakuna asemaye kwamba Nyerere "alikunja tu". Lakini naye hakujiita mtungaji. Alijiita mfasiri, na jina la Shakespeare likabaki mahali pake.

Huenda mtu akapinga: je, mwashi amtaje aliyevumbua tofali? La. Yaliyokwisha kuwa mali ya watu wote hayana mdai. Lakini aliyekesha akichora chapeo ile ana haki yake, hata kama ameitoa bure. Kutolewa bure si kukosa mwenyewe.

Ndugu walimu, jambo hili latuhusu kuliko tudhanivyo. Sisi tunaofundisha Kiswahili kwa watoto ambao hawakukirithi kwa mama zao, twawapa vigezo kila siku: sentensi za mfano, barua za mfano, insha za mfano. Kisha mtoto akitumia sentensi ya mfano twamwadhibu kwa kunakili! Heri tumfundishe mambo mawili pamoja: kukunja kwa uangalifu, na kumtaja aliyechora. Mwenye kuyajua hayo hatakuwa mwizi. Na siku moja, yamkini, atachora kigezo chake mwenyewe.

Tulimwita kijana, tukamwambia kwamba kazi ni yake na deni ni lake vilevile. Kabla ya onyesho la pili asimame alitamke. Akafikiri, kisha akatuuliza: "Mwalimu, aliyechora hakuandika jina. Nimtaje nani?"

Swali hilo lilitushinda kwa muda. Mwishowe tulimjibu hivi: "Sema kwamba yupo." Naye akasimama mbele ya watu, chapeo mkononi, akasema.