Kuimba Mahali pa Kulia

Mwishoni mwa Desemba 2023 niliketi na wajukuu wangu hapa Mbulu tukaitazama filamu iitwayo Sarafina!. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba Mbongeni Ngema, Mwafrika Kusini aliyeutunga mchezo ule, amefariki katika ajali ya gari tarehe 27 ya mwezi huo. Nikasema, basi, na tumkumbuke kwa kuitazama kazi yake. Hatukufika mbali. Mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, aligeuka akaniuliza, "Babu, mbona watu wanakufa, halafu hawa wanaimba?"

Ndugu msomaji, swali la mtoto huyu si geni. Baadhi ya wahakiki wa Marekani na Ulaya waliuliza vivyo hivyo filamu ilipotoka mwaka 1992. Sarafina! ilianza kama mchezo wa jukwaani, wa nyimbo na ngoma, uliofunguliwa Johannesburg mwaka 1987. Nyimbo zake Ngema alizitunga pamoja na Hugh Masekela. Mchezo ulivuka bahari, ukachezwa Broadway, New York, kuanzia Januari 1988 hadi katikati ya mwaka 1989, na ukapata sifa nyingi. Filamu haikubahatika hivyo. Leleti Khumalo alibaki kuwa Sarafina, Miriam Makeba akawa mama yake, na Whoopi Goldberg wa Marekani akawa mwalimu wa historia. Lakini wahakiki kadhaa walisema mateso na ngoma havikai chungu kimoja.

Nikiri kwamba hoja yao ina uzito. Jukwaani kila mtu anajua kwamba yuko mbele ya jukwaa. Mwigizaji huanguka, taa huzimwa, naye huinuka tena akacheza, wala hakuna anayeshangaa. Kamera haina hiari hiyo. Kamera ikimwonyesha mtoto amepigwa risasi, jicho linaona mtoto amepigwa risasi. Wimbo ukija dakika moja baadaye, moyo wa mtazamaji unakuwa kama mtu aliyeitwa msibani na arusini kwa wakati mmoja.

Mimi nilipoiona kwanza sikuyafikiri hayo. Ilikuwa hapa hapa Mbulu, zamani za mikanda ya video, kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994. Wilaya zetu za Mbulu na Hanang zilikuwa bado katika Mkoa wa Arusha; Manyara ulikuja kuzaliwa mwaka 2002. Tulijazana katika chumba cha nyuma ya duka, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta inanguruma uani. Kijana mmoja aliyekijua Kiingereza alisimama kando ya televisheni akitutafsiria. Nilikuwa mwalimu, nikapewa kiti cha mbele.

Hatukuhitaji kuelezwa Soweto ni wapi. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, na baadhi ya waliokimbia walipokelewa katika nchi yetu. Pale Mazimbu, Morogoro, chama cha ANC kilijenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, na mwaka ule ule wa 1992 shule hiyo ikakabidhiwa kwa serikali yetu. Kwa hiyo tuliwaona watoto wale kama watoto wa nyumba moja na sisi. Wakiimba, tulitikisika nao.

Katika filamu ile yumo askari mweusi aitwaye Sabela, anayeutumikia utawala wa makaburu. Inafika saa wanafunzi wanamvamia na kumchoma moto. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa nyimbo zilikuwa zimekwisha kutuinua, na aliyeinuliwa hatazami anachokanyaga.

Asubuhi yake nilikutana na mwanafunzi wangu mmoja njiani. Baba yake alikuwa askari polisi wa hapa hapa mjini. Kijana aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia. Akatembea nami kidogo, kisha akasema polepole, bila ukali wowote, "Jana nilikuwa nyuma yako. Kumbe na wewe ulipiga makofi."

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kwamba baba yake si Sabela, na kwamba serikali yetu si ile ya makaburu, na yote hayo ni kweli. Lakini hakuniuliza habari za baba yake. Alinitajia makofi yangu. Filamu yenyewe haimwachi Sarafina atoke salama katika kifo kile. Kinamwandama, anajuta, na mwisho anaitupa bunduki. Yeye alijuta. Mimi nilikwenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Tangu siku hiyo swali la wahakiki nimeligeuza. Sisemi tena kwamba wimbo na damu havichanganyiki, maana huku kwetu vimechanganyika tangu zamani. Kwa jirani zetu Wabarabaig wa Hanang, mzee mwenye heshima akifa, kaburi lake hufanywa kichuguu kirefu cha udongo, na kazi hiyo huchukua miezi mingi ya kukusanyika na kuimba. Mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa upande wa Basotu kuanzia miaka ya sabini, baadhi ya makaburi hayo yalilimwa kwa trekta, na Wabarabaig walilia kwamba wamenyang'anywa zaidi ya malisho. Sisi Wairaqw tulikuwa na njia nyingine. Zamani vifo vya aina fulani viliwatenga waliofiwa. Walikaa peke yao, hawakuchangamana na majirani mpaka muda wao utimie. Jirani mmoja anaimba, mwingine ananyamaza, na wote wawili wanamheshimu marehemu.

Hata Desemba ile ile ya 2023 nililiona hili. Tarehe 3, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya themanini. Katika maziko niliyohudhuria kwaya iliimba. Mama mmoja aliyefiwa aliinua mikono akaimba nao. Mwingine alijifunika kanga akainuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka nyimbo zikome. Hakuna aliyemlaumu yeyote kati yao.

Basi tatizo haliko katika kuimba mahali pa kulia. Wimbo ni kama mkokoteni: hubeba mzigo ambao mtu peke yake asingeuweza, lakini haujali umepakiwa nini. Ukipakiwa huzuni, utawafikisha watu wengi mbali. Ukipakiwa hasira, utawafikisha mbali vile vile, nao watashtukia wamefika mahali ambapo kila mmoja, akienda kwa miguu yake, asingekwenda. Yeye anayeimba hana budi kuuliza amebeba nini. Na sisi tunaoitikia tusijifiche nyuma ya kiitikio, maana makofi ya ukumbi mzima yalikuwa pia makofi yangu mimi.

Mtu ataniambia kwamba wahakiki wale waliishi raha mustarehe, hawakujua uchungu wa Soweto. Huenda. Lakini uchungu haukutufanya sisi tuone vizuri zaidi usiku ule. Wao walisita pasipostahili, sisi hatukusita palipostahili.

Mjukuu wangu alikuwa bado akingoja jibu. Nikamwambia, "Wanaimba kwa sababu hawawezi kuubeba msiba ule kimya." Akatikisa kichwa, akakubali. Tuliendelea kutazama, na tulipokaribia mahali pa Sabela niliiona mikono yangu juu ya magoti. Nikaisimamisha filamu, nikawahadithia wajukuu habari za yule kijana wa njiani. Siku hizi ni mtu mzima mwenye watoto wake, na tukikutana sokoni bado huniamkia shikamoo. Jambo lile hatujapata kulizungumza tena. Nadhani ni zamu yangu kulianza.