Utomvu wa Papai na Idhini ya Mgonjwa



Kwetu Nabuyoga, mama akipata nyama ya ng'ombe mzee huichanganya na vipande vya papai bichi. Utomvu wake una vimeng'enya vinavyovunja protini, ndiyo maana nyama hulainika. Kimojawapo, kaimopapaini, kiliwahi kudungwa katika migongo ya watu.

Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo zina kiini laini chenye maji mengi. Diski ikipasuka, kiini huchomoza na kubana neva, na maumivu hushuka mpaka mguuni. Mwaka 1963 Dakta Lyman Smith wa Marekani alianza kuwadunga wagonjwa kaimopapaini ndani ya diski ili kiini kisinyae na neva ipate nafasi. Dawa ikaidhinishwa huko mwaka 1982. Wengi walipona bila kupasuliwa. Wachache walikufa kwa mzio mkali, wengine wakapooza miguu. Mwaka 2003 ikaacha kuuzwa Marekani. Wajapani nao waliidhinisha kimeng'enya kingine, kitokacho kwa bakteria, mwaka 2018.

Je, tiba inayowafaa wengi na kuwaharibu wachache inajuzu? Wengi wetu hukimbilia kanuni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Naona haitoshi. Hata kisu cha daktari kina hatari, na tukiharamisha kila chenye hatari, hospitali zitafungwa. Mtume (s.a.w.) alituamrisha kutafuta dawa, na akafundisha kwamba anayetibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Mafaqihi wakazungumzia pia idhini ya mgonjwa. Mimi nilikuwa nikiipita haraka mlango huo wa idhini, kama jambo la karatasi tu.

Baba yangu mdogo alibeba magunia mpakani Busia kwa miaka mingi, mpaka diski ya kiuno ikapasuka. Sindano hizo hazikuwapo. Kilichokuwapo ni upasuaji. Kikao cha ukoo kilikaa sebuleni kuhesabu pesa, naye amelala chumba cha pili akitusikia. Hakuna aliyemwuliza neno. Hospitalini nikawa mkalimani, kwa kuwa daktari hakujua Kidhopadhola. Daktari alieleza kwamba mara chache mguu hudhoofika zaidi, na kwamba dawa ya usingizi nayo ina hatari yake. Sehemu hiyo sikuitafsiri. Nilimwambia, "Baba, wanasema utapona, inshallah." Akaweka dole gumba kwenye fomu. Dole lilikuwa lake, idhini ilikuwa yangu.

Alhamdulillah, anatembea, ingawa magunia ameyaacha. Nilijiambia kwamba matokeo mema yamenisamehe. Lakini mtu akivuka barabara amefumba macho na gari lisimgonge, hatusemi alivuka vizuri. Na nilichomficha hakikuwa changu.

Likizo iliyopita nilimweleza yote, tukiwa chini ya mwembe. Nilitarajia ataniambia angeogopa na kukataa. Alinyamaza kidogo.

"Ningekwenda vilevile," alisema. "Lakini nilikuwa na deni la mbuzi wawili kwa jirani, na hakuna aliyelijua ila mimi na yeye. Ningekutuma ukamlipe kwanza."