Washindi Wakigeukiana

Tarehe 19 Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wa Kongo, chini ya maofisa wa Kibelgiji, waliingia Tabora. Wajerumani walikwisha kuondoka. Kikosi cha Waingereza cha Brigedia Jenerali Crewe, kilichoshuka kutoka Ziwa Viktoria, kilikuwa bado njiani. Kilipofika kilikuta mji una mwenyewe. Washirika hawa walikuwa wamepigana bega kwa bega huku kila mmoja akimwahi mwenzake. Je, wangeweza kugeuziana bunduki?

Sababu hazikukosekana. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya Ujiji na Karagwe, na kituo kikubwa cha reli ya kati. Humo Wajerumani, walipokatiwa njia ya baharini, walijitengenezea sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Wabelgiji waliutaka mji uwe karata yao siku ya kugawana. Hata hivyo waliukabidhi kwa Waingereza mwaka 1917, na mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakakubaliana: Ruanda-Urundi kwa Ubelgiji, Tanganyika kwa Uingereza.

Jibu jepesi ni kwamba adui wa pamoja aliwaunganisha, maana Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa bado porini. Lakini ifuate njia ile ya misafara, uvuke Ziwa Tanganyika, upite Manyema hadi Kisangani, alikokuwa gavana Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara. Rwanda na Uganda zilisaidiana kumwangusha Rais Mobutu wa Kongo mwaka 1997, na mwaka uliofuata zikamgeukia Kabila, aliyechukua nafasi yake. Kabila alikuwa angali Kinshasa majeshi hayo mawili yalipopigana Kisangani Agosti 1999, na tena Juni 2000, siku sita mfululizo, mabomu yakiangukia nyumba za raia. Adui alikuwepo, wala hakuwazuia.

Kinachozuia ni gharama kumrudia mwenyewe. Mwaka 1916 karibu Ubelgiji yote ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na serikali yake ilikuwa mgeni Ufaransa. Kumpiga Mwingereza Tabora kungekuwa kujifungia mlango wa kurudi nyumbani. Mei 1945, wapangaji wa vita wa Uingereza walipompa Churchill tathmini ya kuishambulia Urusi ya Stalin, mshirika wao, walimwonya kwamba ingekuwa vita kamili, ndefu na yenye gharama kubwa. Shauri likaishia kwenye karatasi. Kisangani mambo yalikuwa kinyume: Kigali na Kampala zilibaki salama, mji ulikuwa wa watu wengine, na maiti pia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya miaka ile ya vita. Hesabu ilikuja, lakini ilichelewa mno kumshika mtu mkono.

Basi amani ya washindi si lazima iwe tunda la wema, wala si lazima iwe amani kwa kila mtu. Mbelgiji na Mwingereza hawakupigana, lakini wapagazi waliobebeshwa mizigo ya mbio zao walikufa kwa maelfu. Na Ugogo, kwenye njia hiyo hiyo ya misafara, nafaka, ng'ombe na vijana vilivyochukuliwa na majeshi vilichangia njaa kuu ya Mtunya. Anayeuliza kama washindi wanaweza kupigana aulize kwanza ni nani anayelipa. Akiwa ni mtu asiyeulizwa, vita vinawezekana, na hata visipotokea, yeye amekwisha kulipa.