Kisomo Kilichobanwa
Sauti ya CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 hubakiza takriban sehemu moja ya 11, ikitupa kile ambacho sikio halitarajiwi kukisikia. Kwa taarabu hasara ni ndogo. Kwa kisomo cha Kurani kinachotoka kwenye redio ndogo ya memori kadi, Handeni au Korogwe, swali huwa zito: nani aliyeruhusiwa kupunguza? Jibu la busara ni kwamba matini hayabanwi. Kinachobanwa ni mwangwi wake. Lakini tajwidi, yaani kanuni za matamshi ya Kurani, hudai kila herufi itoke mahali pake, na kwenye kilobiti 32 masafa ya juu kwa kawaida hukatwa, herufi za thaa na sini zikakaribiana, kama thamani na samani. Kilobiti 64, mono, humtosha msomaji mmoja.